Moto wa Fundi Chitete

"Nimesema sifui!"

"Utafua! Pingu arobaini, kabla jua halijafika utosini!"

"Za kuwafunga majirani zangu? Sifui, hata ukilala hapa!"

Akida aliyetawala mji akamwelekezea bunduki. Fundi Chitete hakumtazama hata kidogo, alikuwa anauangalia moto. Babu yake ndiye aliyeuwasha, na tangu hapo haujawahi kuzimika, hata siku ya msiba. Mji mzima mhunzi ni yeye peke yake. Bomani walifungiwa watu arobaini waliogoma kulima shamba la akida, wanasubiri kupelekwa mbali wakauzwe. Bila pingu hawapelekeki.

"Baba Mwanaidi, atakuua," mkewe akasema, mikono ikiwa kwenye mvukuto wa kupulizia moto.

"We acha kuvukuta."

Akaacha. Chitete akanyanyua mtungi wa maji, akayamwaga yote motoni. Moshi ukajaa kibandani, akida akakohoa kama mbuzi mgonjwa.

"Nipige basi," Chitete akamwambia. "Halafu ufue wewe."

Akaiweka nyundo chini, akageuka, akatoka taratibu kuelekea bomani kwa wenzake, bunduki ikimfuata mgongoni.