Yupo Mmoja

Anayesikia la mkuu ndiye huvunjika guu, hasa kama mkuu ni kaka aliyefeli mtihani uleule wa mantiki ambao dada yake mdogo ataufanya kesho.

"Kanusha," kaka alisema, akichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. "Wasichana wote ni wajinga."

"Yupo msichana asiye mjinga."

"Umekosa. Andika: wasichana wote si wajinga. Ingawa ni uongo."

Binti aliitazama nta kwenye kile kifuniko. Sikio la kufa, hata likichokolewa, halisikii dawa.

"Mmoja tu anatosha kukanusha "wote", kaka. Ndiyo maana ulifeli."

Mama alisimamisha cherehani. "Muombe kaka yako radhi. Watoto wangu wote huomba radhi."

Binti alifunga kitabu.

"Yupo mmoja asiyeomba, mama. Siombi."