Droo ya Diski

Binti alitoa diski tupu mkobani kabla Shigemitsu hajamimina chai.

"Baba, nimepata njia. Namhamishia mama humu, naondoka naye. Sitakusumbua tena."

Kwenye mashine ya kurekodia televisheni kulikuwa na kipindi kimoja cha mapishi, marehemu mama akikata figili huku anacheka. Kipindi kilikuwa na hakimiliki, hivyo mashine haikukiachia kitoke ila kwa kuhamishiwa kwenye diski. Binti aliweza kukitazama kwa simu akiwa Osaka, lakini kila miezi mitatu ruhusa iliisha, na simu ilibidi irudishwe kwenye waifai ya nyumba hii ili itambuliwe upya. Ndizo siku pekee alizokuja.

"Droo ya diski imekufa," alisema Shigemitsu. "Tangu mvua za Juni."

"Imekufa? Mbona hukuniambia?"

"Imezeeka tu. Kama mwenyewe."

Binti akacheka, akabonyeza kitufe. Droo ikatoka taratibu, bila kukwama, ikasimama kati yao. Haikuwa na hata chembe ya vumbi.

Shigemitsu aliinamia kikombe chake.

Binti akaitazama droo. Kisha akatazama karibu na sinki, ambako bakuli moja na jozi moja ya vijiti vya kulia vilikuwa vimeanikwa juu ya kitambaa. Akairudisha droo ndani kwa kidole.

"Kweli, imekufa," alisema, akaiweka simu yake kando ya mashine ili itambuliwe upya. "Basi itabidi nije tena matunda ya ule mti wako wa kaki wa uani yakiiva."