Ubao wa Menyu

"Dada, hebu weka ufagio chini kidogo," mbunifu wa tovuti aliniita. "Tafuta namba ya gari la wagonjwa. Nakupima muda."

Akanipa simu. Menyu ya tovuti ya hospitali ilikuwa ile ile ya mwezi uliopita: Dira, Suluhisho, Ubora, Wadau, Zaidi. Sikubonyeza kitu.

"Bonyeza basi, haing'ati!"

"Iko kwenye Wadau, halafu Ufikiaji, chini kabisa."

"Kumbe mjanja! Umejuaje?"

"Mwezi uliopita mama alianguka jikoni. Niliitafuta dakika ishirini na mbili, yeye ananitazama tu. Mpaka leo mkono wake wa kulia hausogei."

Akakohoa. "Pole, dada. Lakini watu watazoea. Wakubwa wa hospitali wameshayapenda hayo maneno."

Watazoea!

Maneno yale matano yalikuwa pia ukutani mwa ofisi, kwenye ubao mweupe, na juu kabisa wameandika USIFUTE. Miaka miwili nimepangusa vumbi pembeni ya ubao ule bila kugusa hata nukta.

Nikachovya kitambaa kwenye ndoo.

"Dada, unafanya nini? Wee dada!"

Nilianza na Wadau.