Mipini ya Mama

Mhandisi alipitisha ukucha pembeni mwa mpini wa mswaki, na mpira ukabanduka wote kama ganda la ndizi. Chini yake palikuwa na unyevu.

Mpini ule ulitoka kwa mama yake. Kazi ya mama kiwandani hapo ilikuwa kuutoa mpini wa plastiki kwenye mashine ya kwanza na kuuwahisha, ungali moto, kwenye kalibu ya pili uvikwe mpira.

"Mama, hii mipini unaipitisha wapi?"

Mama akacheka kwa haya. "Vidole vimekuwa vizito, bosi wangu. Nikiona nachelewa, naibana kwapani isipoe. Si wewe mwenyewe ulizaliwa njiti, nikakubana kifuani mpaka ukawa mtu?"

Mhandisi alishindwa kumwambia kwamba jasho ndilo lililozuia mpira kushika.

Fomu ya wakuu wa kiwanda ilikuwa mezani, ikingoja uamuzi wake: kazi ya mikono iendelee, au iletwe mashine inayotia plastiki na mpira humo humo, bila mtu katikati.

Mama, asiyejua kusoma, akainama begani kwake. "Umewaandikia kwamba najitahidi?"

"Nimeandika, mama," alisema, akaweka alama penye mashine.