Kuchakuro na Kuta za Mchanga

"Hivi mchanga huu unaporomoka kwa sababu kucha zetu ni dhaifu, au kwa sababu ni mkavu?"

Kuchakuro, kindi wa ardhini, aliwauliza hivyo wanyama wote wa korongoni, na hakuna aliyejisumbua kumjibu. Mwewe alikwisha kumnyakulia watoto wawili. Watatu waliobaki walihitaji shimo kabla Mwewe hajarudi.

Mhanga, mchimbaji mwenye sifa zake, alicheka. "Binti, kuchimba ni misuli. Kaa pembeni ujifunze." Akachimba kwa mbwembwe, na mchanga mkavu ukamwagika ukamfukia mpaka masikioni.

Kuchakuro hakungoja ruhusa ya mtu. Alikwenda kwenye kidimbwi kilichokuwa karibu, akajaza maji mashavuni, akaurushia mchanga manyunyu, akaushindilia, ndipo akachimba. Kuta zikasimama wima.

"Kumbe ni maji tu!" Mhanga akabwata, akijikung'uta mchanga. "Kama kidogo yanashika hivyo, mengi je?" Akachimba mfereji, akakielekeza kidimbwi kizima shimoni mwake. Mchanga ukawa uji, naye akakwama hadi kiunoni.

"Chembe zinataka maji ya kuzishikanisha, kaka yangu," Kuchakuro akamwambia, "si ya kuogelea."

Mara kivuli cha Mwewe kikapita juu yao. Sungura, panya, kanga, wale wale waliokaa kimya, wakasukumana kuelekea shimo la Kuchakuro. Yeye akasimama mlangoni, kifua mbele, mgongo wake ukiwa umejaa vumbi la kuchimba.

"Mtaingia wote, nafasi ipo," alisema. "Ila naomba mpishe, wanangu waingie kwanza."