Saa ya Kutia Tui

Tangu Shaame azibuliwe mshipa wa paja na kuwekewa ndani yake kimrija cha kupima mafuta, jiko letu la umeme linakisikiliza kimrija hicho kuliko mimi. Nikitia tui zito yeye akiwa ndani, linazima.

Kwa hiyo, kama wenzangu wote mtaani wenye waume wa vimrija, kwanza humtoa mume nje. Adhuhuri mabaraza yanajaa wanaume wanaosubiri mchuzi.

Leo alitoka bila kubishana. Nikatia tui. Jiko likazima.

"Shaame, hebu sogea huko," nilifoka dirishani.

"Niko barazani kwa jirani Makame, mama Sabra. Nisogee mpaka wapi tena?"

Nikatoka nje uani kutafuta kuni za mafiga, nimefura. Nyuma yangu jiko likawaka lenyewe. Nikarudi, likazima.

Nikapapasa mkono wangu, mahali ambapo kliniki waliniambia wananitoa damu tu.