Jiwe Kati ya Meno

Katika mji wa machimbo, hakuna jiwe lililochongwa kuwa shoka kabla Bi Sikujua hajaligonga na kulisikiliza. Lililolia lilipita, lililonyamaza lilikuwa na ufa. Sasa masikio yake yalikuwa yamekufa, na mchimbaji Machano aliitaka kazi hiyo.

“Bibi, ukikosea leo, kiti chako ni changu!” alipaza sauti, kwa heshima iliyozidi kipimo.

Bi Sikujua alichukua jiwe, akalibana kwa meno, akaligonga.

“Ana njaa!” watu walicheka.

Mtetemo uliofifia upesi ulimfika kwenye taya. Akatema vumbi.

“Lina ufa, mwanangu. Lipasue uone.”

Machano alilipiga. Likafunguka palepale kwenye ufa.

Akaokota jingine, akatazama huku na huku, kisha akalisogeza mdomoni taratibu.